UZI: Kurudia Memories of Murder sasa, wakati muuaji anajulikana

#1 Majaruba (Mwanga, Kigoma)

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa wale walioitazama Memories of Murder ya Bong Joon-ho miaka ile, wakaiweka kwenye fungu la muvi za mauaji za Kikorea, na hawajairudia mpaka leo. Filamu ilitoka 2003. Septemba 2019 polisi wa Korea Kusini walitangaza kwamba vinasaba (DNA) vimempata mtu. Tangu siku hiyo filamu imebadilika, ingawa hakuna kipande hata kimoja kilichoguswa.

Kwanza kesi yenyewe, kwa kifupi. Eneo la Hwaseong, mkoa wa Gyeonggi, kusini mwa Seoul. Kati ya Septemba 1986 na Aprili 1991 waliuawa wanawake na wasichana 10, mdogo akiwa na miaka 13 na mkubwa bibi wa miaka 71. Polisi walichunguza watu zaidi ya 20,000. Sheria yao wakati huo iliweka ukomo wa miaka 15 wa kumshtaki mtu kwa kosa la mauaji, na ukomo wa kesi ya mwisho ulifika Aprili 2006. Bong alitengeneza filamu saa bado inahesabika, miaka mitatu kabla ya mlango kufungwa.

Aliyepatikana anaitwa Lee Choon-jae. Alikuwa gerezani tayari, kifungo cha maisha, kwa kumbaka na kumuua shemeji yake mwaka 1994. Akakiri mauaji 14 kwa jumla.

Mara ya kwanza karibu kila mtu huitazama filamu hii kwa swali moja: nani kaua? Swali hilo limejibiwa nje ya filamu, na jibu halimo ndani yake kwa jina wala kwa sura. Ukirudia sasa, kinachobaki ni swali jingine, na naamini ndilo Bong alikuwa anauliza muda wote: walimkosaje? Majibu yamejaa kwenye saa ya kwanza. Yamewekwa katikati ya vichekesho, watu wakacheka wakapita.

Mnaporudia, simameni kwenye eneo la mwili wa pili. Ni shoti moja ndefu, kama dakika mbili, kamera haikatiki. Mpelelezi Park Doo-man (Song Kang-ho) ameona alama ya kiatu kwenye tope na anahangaika kuilinda. Watoto wanakimbia huku na huku. Waandishi wameshafika. Mtaalamu wa kuchukua vielelezo hajafika, na anapofika anateleza kwenye kingo ya jaruba na kuporomoka. Halafu trekta linapita palepale juu ya alama. Anayeyajua majaruba ya bonde la Luiche hahitaji kuelezwa tope lile lina maana gani: mguu unaacha muhuri kamili, mpaka mistari ya soli, na tairi moja linafuta kila kitu. Macho ya mara ya kwanza yanamfuata Park kwa sababu anachekesha. Safari hii myaangalize chini tu, kwenye tope. Kesi nzima ilikufa pale.

#2 Kasulu_Kwetu

Asante mkuu kwa uzi. Naomba kueleweshwa kwenye hiyo alama ya kiatu. Kama trekta lisingepita, ingesaidia kweli? Tope la mpunga ni uji mtupu, ungelichukuaje?

#3 FlashiSafi (Ujiji)

Kabla hamjafika kwenye tope, hakikisheni mnatazama filamu nzima. Nakala zinazozunguka kwenye maduka ya kujaza flashi haziko sawa, na nyingine zitakuharibia kabisa kazi anayoisema Majaruba.

Angalia urefu wa faili. Filamu kamili ni dakika 131 au 132. Ukikuta kama dakika 126, usiogope, hiyo haijakatwa: imeharakishwa kutoka fremu 23.976 kwa sekunde kwenda 25, kama zinavyofanya televisheni nyingi. Ikishuka chini ya 120, kuna vipande vimetolewa, iache.

Hapo kwenye fremu ndipo maandishi ya chini yanapowasumbua watu. Unachukua maandishi yaliyopimwa kwa fremu 25 unayaweka kwenye faili la 23.976. Mwanzo yanaonekana sawa, lakini yanatangulia kama sekunde mbili na nusu kila dakika. Filamu ikifika saa moja, maandishi yako mbele kwa zaidi ya dakika mbili, na unasoma majibu ya watu ambao hawajaulizwa. Watu hubonyeza G na H kwenye VLC wakidhani watarekebisha. Vitufe hivyo husogeza maandishi yote kwa milisekunde 50 kwa kila mbonyezo, G kuyawahisha na H kuyachelewesha. Vinafaa tofauti ikiwa ileile mwanzo mpaka mwisho. Tofauti ikiwa inakua, fungua maandishi kwenye programu ya Subtitle Edit, badilisha kipimo cha fremu kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi upya kwa mfumo wa UTF-8. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuhusu nakala zilizotiwa sauti ya DJ. Kazi ya maDJ naiheshimu, wamewafungulia filamu watu wengi wasiosoma Kiingereza. Ila kwa hii moja hapana. DJ akizungumza sauti ya filamu inashushwa, na hapa redio ni kielelezo cha kesi: kuna wimbo unaoombwa redioni usiku wa mvua, na wapelelezi wanaufuata. Ukifunikwa, hutaelewa kwa nini wanakimbia. Pia DJ hujaza ukimya, na Bong ameweka ukimya mwingi kwa makusudi, hasa shambani usiku. Anayetaka kuionyesha kwa wazee wasiofuata maandishi, bora mtu mmoja akae kando na kueleza kwa sauti ya chini mwisho wa kila tukio, na spika ziachwe kama zilivyo.

#4 Nyayo (Kibondo)

Kasulu_Kwetu, ingesaidia, na tope la mpunga linachukulika vizuri sana kama mtu ana subira.

Kinachotangulia ni picha. Kamera kwenye stendi, lenzi ikitazama chini wima kabisa, rula imelazwa kando ya alama kwa kina kilekile ilichozama soli. Rula ikikaa juu ya kingo wakati alama iko sentimita tatu chini, vipimo vyote vitadanganya. Halafu taa ya pembeni, chini karibu na ardhi, ipigwe kutoka upande mmoja, kisha mwingine, mpaka uzunguke. Mwanga wa juu unafuta mistari ya soli, wa pembeni unaiinua.

Kisha unamwaga. Unga unaotakiwa ni ule wa mafundi meno, wanaotengenezea nakala za taya. Alama moja ya mtu mzima inakula kama gramu 900, maji mililita 350 hivi. Changanya ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, bonyezabonyeza mpaka uwe kama unga wa chapati za maji. Weka fremu ya bati au mbao kuzunguka alama. Mwaga ukiwa chini kabisa, ukianzia kando, rojo liingie lenyewe. Ukimwaga kutoka juu moja kwa moja, uzito wake unachimba shimo na kuua mistari uliyokuja kuichukua. Unene ufike sentimita mbili mpaka mbili na nusu. Nusu saa ndiyo uinue, kukiwa na baridi subiri zaidi. Usisugue tope siku hiyo. Acha likauke saa 48, ndipo usafishe.

Alama ikiwa na maji yaliyotuama, usiyachote kwa kikombe, utavuruga. Weka fremu, chekecha unga mkavu taratibu juu ya maji ushuke wenyewe mpaka chini, kisha ndipo umwage rojo zito juu yake.

Plasta ya Paris inafanya kazi, ila ni laini, inavunjika wakati wa kuinua, na ukiisafisha inalika na alama zinapotea. Lazima utie vijiti katikati kuishikilia.

Sasa linganisha na filamu. Hakuna kamba ya kuzuia watu, hakuna hata gunia la kufunika. Kilichotakiwa kwanza ni mtu mmoja wa kusimama barabarani na kulisimamisha trekta. Unga ungekuja baadaye.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo wengi hawalishiki mara ya kwanza. Baadaye Park anachukua kiatu cha yule kijana Baek Kwang-ho mwenye upungufu wa akili, anatengeneza alama yake mwenyewe kwenye tope, na kuileta kama kielelezo. Alama ya kweli ilikufa chini ya tairi, ya uongo ikazaliwa kwa mkono wa polisi. Matukio hayo mawili yatazameni kama jozi.

#5 Dada_Isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Naomba nimweke mezani mtu ambaye sijaona akitajwa popote: Kwon Gwi-ok, askari wa kike wa kituo kile.

Anapoonekana mwanzoni anatengeneza chai na kupokea simu, ndiyo kazi aliyopangiwa. Ni rahisi kumsahau. Lakini fuata nani hasa anapata vitu vyenye maana kwenye upelelezi ule. Kiungo cha wimbo wa redioni na usiku wa mvua kimeletwa na Kwon. Mwanamke aliyenusurika, ambaye Seo Tae-yoon, mpelelezi aliyetoka Seoul, anamtafuta mpaka anampata, anaongea kwa sababu askari wa kike yupo. Ndipo inapatikana habari ya mikono laini, ambayo ni maelezo pekee ya mwili wa muuaji yaliyotoka kwa mtu aliyeguswa naye. Wanaume wa kituo kile wanapiga watu teke, wanaenda kwa mganga, wanatafuta mwanaume asiye na nywele mwilini kwa sababu nywele hazikuonekana kwa marehemu. Kwon anasikiliza redio.

Hakuna anayempandisha cheo, hakuna anayemuuliza tena. Filamu yenyewe inamwacha nyuma na kurudi kwa wanaume. Hilo nalihesabu kama upungufu wa Bong, ingawa inawezekana alikusudia tuone hivyo. Mtanisahihisha.

Jambo la pili: jinsi miili inavyoonyeshwa. Kwa macho ya sasa kuna maeneo nahisi kamera ingeondoka mapema. Chumba cha uchunguzi wa mwili, kwa mfano, na vile vipande vya tunda la pichi vinavyotolewa mwilini mwa marehemu. Filamu ya mauaji ya kweli ina wazazi wa kweli waliobaki hai. Zodiac ya David Fincher (2007), nayo ya muuaji wa kweli wa Marekani, ina nidhamu kwenye hilo: inaanza na shambulio la Julai 4, 1969 na kuliruka lile la Desemba 1968, kwa kuwa Fincher alikataa kuigiza mashambulio ambayo hayakuacha shahidi wa kueleza kilichotokea. Mtu akizirudia filamu hizi mbili kwa wiki moja ataona tofauti hiyo mapema kabisa.

#6 Kibirizi_Bandarini

Naheshimu mliyoandika, lakini nina pingamizi, na ni zito. Mnasema vichekesho vimewekwa kwa makusudi. Sawa. Kwenye banda la video vile vichekesho vinafanya nini? Watu wanacheka mpelelezi Cho Yong-koo, mwenzake Park, anaporuka na kumkita mtu teke la kifua. Wanacheka watuhumiwa wakilazimishwa kukiri. Kwenye msitu pale Baek anachimbishwa shimo la kaburi lake, na kuna watu wanacheka.

Sasa twende kwenye kesi ya kweli. Mauaji ya nane, mwaka 1988, msichana wa miaka 13 aliuawa ndani ya nyumba yao. Polisi wakasema huyu si wa mfululizo, ni mtu mwingine ameiga. Wakamkamata kijana wa miaka 22 mwenye ulemavu wa mguu tangu utotoni. Wakamnyima usingizi mpaka akakiri. Akahukumiwa kifungo cha maisha 1989, akakaa ndani kama miaka 20, akatoka kwa msamaha wa masharti 2009. Lee Choon-jae alipokiri 2019, aliyataja na mauaji hayo. Mahakama ya Suwon ikamfutia hatia yule mtu tarehe 17 Desemba 2020.

Fanyeni hesabu. Filamu ilipotoka 2003, na watu wakicheka teke la Cho, mtu aliyekirishwa hivyo alikuwa selo. Mimi siwezi kuiita ile staili tena. Filamu ilimtunga Baek, ambaye mikono yake iliyoungua haiwezi kufunga yale mafundo, na nje ya filamu kulikuwa na mtu halisi ambaye mwili wake ulikuwa ushahidi wa upande wake na hakuna aliyeutazama.

#7 Majaruba

Kibirizi, sina la kupunguza kwenye hesabu hiyo. Naomba nijibu sehemu ya kicheko tu.

Rudia tukio la tambi. Park, Cho na Baek wamekaa kwenye chumba cha mateso, wanakula pamoja tambi za mchuzi mweusi, wanatazama tamthilia ya polisi kwenye televisheni, wanaimba wimbo wake. Mtuhumiwa na wapigaji wake, bakuli moja moja mikononi, wote mashabiki wa kipindi kilekile. Pia Park anampa Baek viatu vipya kama pole ya kipigo. Angalia upande wa kiatu: alama ni ya Nike, maandishi ni "Nice". Feki ya sokoni, kama zile zinazopangwa chini kwenye magulio yetu. Bong anataka ucheke pale. Halafu anakuletea bili. Baek anakufa kwenye reli, akikimbia watu walewale. Cho, mwenye teke, anachomwa na ubao wenye msumari, pepopunda inaingia, mguu unakatwa. Mguu uleule. Kila kicheko cha saa ya kwanza kinalipiwa saa ya pili, na hakuna hata kimoja kinachosamehewa.

Kwa hiyo banda likicheka, halijaharibikiwa. Ila mwonyeshaji akikata filamu katikati ili aanze mechi, hapo kweli kaonyesha teke bila bili.

#8 Kasulu_Kwetu

Hiyo ya mguu sikuwahi kuiunganisha. Nashukuru.

Swali lingine: walikuwa na sampuli, na kwenye filamu wanaipeleka Marekani kupimwa. Kwa nini teknolojia ilichukua mpaka 2019?

#9 Nyayo

Tenganisha vitu viwili, kundi la damu na vinasaba.

Kundi la damu lina majibu manne tu: A, B, AB, O. Linaweza kumwondoa mtu, haliwezi kumthibitisha. Polisi wa Hwaseong waliamini muuaji ni kundi B. Lee Choon-jae ni O. Kosa hilo moja lilitosha: chujio likiwa na tundu mahali pabaya, unayemtafuta ndiye wa kwanza kupita. Alihojiwa enzi zile na akaachwa.

Vinasaba ni kitu kingine. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba mwaka 1984. Kesi ya kwanza ya mauaji kutumia njia hiyo ilikuwa ya huko huko Leicestershire, wasichana wawili, na kazi ya kwanza iliyofanya ilikuwa kumsafisha kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakuyafanya. Hiyo ni miaka ileile ambayo Hwaseong watu walikuwa wanakirishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kipimo kilitaka doa kubwa na bichi. Kadiri miaka ilivyokwenda, njia ya kuzidisha vipande vya vinasaba ikaboreshwa mpaka doa dogo, kuukuu, lililokauka likatosha. Mwaka 2019 walichukua nguo za marehemu zilizokuwa zimehifadhiwa, zikatoa majibu, kwanza kwenye kesi ya 5, ya 7 na ya 9. Kilichookoa kesi ni stoo. Kwa miaka 30 mtu fulani hakutupa zile nguo.

Anayetaka kujua kwa nini zilidumu: doa la mbegu za kiume au damu hukauka kwanza kivulini, pasipo jua wala pasi, kisha nguo huwekwa kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Ikiwekwa kwenye plastiki, unyevu unabaki ndani, kuvu inaota, na bakteria wanakula vinasaba. Kila nguo mfuko wake. Kila mkono unaoipokea unasaini tarehe na saa. Kwetu vipimo hivyo hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na mawakili mahakamani hushambulia kwanza karatasi ya makabidhiano kabla ya kugusa maabara.

#10 Wakili_Mtazamaji (Tabora)

Nyongeza fupi ya sheria, kwa sababu nimeona watu wakichanganya ya kule na ya kwetu.

Ukomo wa miaka 15 ulikuwa wa Korea, na waliufuta kwa kosa la mauaji mwaka 2015, lakini haukurudi nyuma kufufua kesi zilizokwisha kufa. Ndiyo maana Lee Choon-jae hajashtakiwa kwa Hwaseong. Tanzania kosa la mauaji halina ukomo wa muda.

Kukiri: kwetu maelezo ya onyo aliyoyatoa mtuhumiwa polisi yanapokelewa tu kama aliyatoa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashtaka. Yakipingwa, hakimu au jaji anasimamisha kesi kuu na kusikiliza kesi ndogo ndani yake. Muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4, ukihitajika zaidi unaongezwa kwa utaratibu. Mtuhumiwa anaweza pia kupelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani afisa wa mahakama, kutoa maelezo yake, nje ya kituo cha polisi. Itazameni filamu mkiwa na saa mkononi: hesabuni saa Baek na yule mtuhumiwa mwingine, mfanyakazi wa machimbo, wanazokaa chini kwenye kile chumba, na nani yupo humo zaidi ya wapigaji. Ndani ya chumba kile hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kusema basi.

#11 Dada_Isevya

Na Seo anaingia chumba hichohicho mwishoni. Yule aliyekuja na kauli kwamba nyaraka hazidanganyi. Msichana wa shule ambaye Seo alimbandika plasta mgongoni anauawa, Seo anaiona ile plasta kwenye mwili, na kuanzia hapo ndiye anayepiga na Park ndiye anayezuia. Majibu ya Marekani yanafika, yanasema vinasaba si vya mtuhumiwa wao, na Seo anaikataa nyaraka. Inaishia relini kwenye mvua, treni inaipitia. Karatasi nayo imekanyagwa kama ile alama ya kiatu.

#12 Kibirizi_Bandarini

Dada, hiyo ya karatasi na tope imeniingia. Majaruba, nakubali hoja ya bili. Teke bado siwezi kulicheka, lakini naona sasa kwamba filamu nayo haikulicheka mpaka mwisho.

Jingine la kujua: wakazi wa Hwaseong waliomba kesi isiendelee kuitwa kwa jina la mji wao, na polisi wakabadilisha, sasa inaitwa kwa jina la Lee Choon-jae. Tunapoandika humu tufanye hivyo pia. Mji ule una watu wanaolima na kusomesha watoto kama sisi.

#13 FlashiSafi

Kwa wanaotaka kuionyesha Ujiji kwa pamoja, mambo matatu ya fundi.

Nusu ya filamu ni usiku wa mvua. Televisheni ikiwa kwenye hali ya rangi kali, weusi wote unageuka ukuta mmoja na huoni mtu ndani ya mpunga. Weka hali ya sinema. Kama bado ni giza, pandisha gama kidogo na uache mwangaza kama ulivyo, kwa sababu ukipandisha mwangaza weusi unakuwa majivu. Kwa projekta, ziba matundu ya bati na madirisha kwa turubai jeusi, au subiri mpaka saa moja na nusu usiku.

Mabati. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ya Kigoma ikipiga bati lisilo na dari, hakuna spika itakayoishinda, na mvua ya filamu na wimbo wa redio vyote vinapotea. Chagueni nyumba yenye dari, au subirini kiangazi.

Umeme. Filamu ina dakika 131, inverta na betri vipimwe kwa saa tatu. Kompyuta mpakato pamoja na projekta ndogo ya wati 100 zinakula kama wati 160, saa tatu ni wati-saa 480. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, na usiishushe chini ya nusu. Inatosha, lakini spika kubwa msiiunganishe humo.

#14 Kasulu_Kwetu

Na mwisho je? Pale Park anapotazama kamera. Mara ya kwanza niliuelewa kama swali. Sasa anamtazama nani?

#15 Majaruba

Bong amesema wazi kwamba aliamini muuaji angekwenda kuitazama filamu, na alitaka macho ya mpelelezi yakutane na yake. Ndiyo sababu Park, ambaye sasa ni mfanyabiashara mwaka 2003, anarudi kwenye ule mtaro uliofunikwa kwa zege, anainama, anachungulia. Msichana mdogo anamwambia kuna mtu mwingine alikuja kuchungulia palepale, akasema anakumbuka kitu alichokifanya hapo zamani. Park anauliza sura yake ikoje. Ya kawaida tu, anajibu.

Novemba 2020 Lee Choon-jae alisimama mahakamani kama shahidi, kwenye kesi ya kumsafisha yule mwenye ulemavu wa mguu. Aliulizwa kuhusu filamu. Alisema aliitazama akiwa gerezani, kama filamu tu, hakuhisi chochote.

Kwa hiyo macho ya Park yalimfika. Mnaporudia, msiangalie macho peke yake. Rudisheni nyuma kama dakika moja, kwa msichana. Yeye ndiye shahidi wa pekee katika filamu nzima aliyemwona mtu yule mchana kweupe na kuongea naye, na hakuna mtu anayeandika maelezo yake. Park hana tena daftari.

FlashiSafi, andika bei ya turubai hapa. Dari ipo kwa mwalimu mmoja Gungu, nafasi ya watu 40.